Mcheza Ngoma Mbele ya Kamera

Atakaye kuandika tarehe ya waigizaji wa sinema wa Tanzania, akaanza na sinema yenyewe, atakuwa ameanza katikati ya habari. Kwa maana watu wa kwanza katika nchi hii waliovuta macho ya umma kwa miondoko yao, wakatunzwa kwa ustadi wao na kujulikana majina mbali na vijiji walikozaliwa, hawakuwa watu wa kamera bali watu wa ngoma. Kamera ilipokuja iliikuta fani iliyokwisha komaa, na wengi miongoni mwa wale tunaowaita leo wakongwe wa maigizo walilelewa na vikundi ambavyo ngoma ndiyo iliyofungua kila onyesho na kulisha kila mchezo mwingine. Makala haya yanakusudia kuifuata njia hiyo, tangu kiwanja cha mavuno hata kanda ya video, na kushikilia hoja moja: kwamba kila hatua ya njia ile ilimwongezea msanii watazamaji, na papo hapo ikampunguzia sehemu ya mwili ambayo aliruhusiwa kusema nayo, hata akafika mahali ambapo maelfu kwa maelfu humtazama uso, na hakuna amwonaye miguu.

Mwankoko ni mahali pafaapo pa kuliangalia jambo hili. Kata hii iko katika Manispaa ya Singida, juu ya uwanda wa kati, katika nchi ya Wanyaturu, mbali na pwani ambako ngoma nyingi za mjini zilizuka, na mbali na Dar es Salaam ambako maigizo ya runinga yalipata makao. Lakini imezungukwa na watu wasiofanana kwa ngoma. Wagogo, upande wa kusini mashariki, wana muheme, ambamo wanawake hubana ngoma baina ya mapaja na kuzipiga huku wakicheza. Wabarabaigi, wafugaji jirani, huruka juu wima kwa zamu mbele ya wasichana. Wanyiramba wako kaskazini. Na ng'ambo ya mbuga ya Wembere waanzia Wasukuma na vyama vyao vya ushindani. Mtu akuliaye katika njia panda kama hii hujua tangu utotoni, pasipo kufundishwa darasani, kwamba ngoma si mdundo na miguu peke yake. Ni namna ya watu kujionyesha wao kwa wao, na kila kabila lina kanuni yake ya nani atazamwe, atazamwe kwa muda gani, na atoe nini badala ya kutazamwa.

Uigizaji uliokuwamo ndani ya ngoma

Wako wanaosema kwamba maigizo ni jambo lililoletwa na shule za wakoloni, na kwamba ngoma za jadi hazikuwa na wahusika wala visa. Kauli hiyo haistahimili uchunguzi. Ichukuliwe mathalan beni, ngoma iliyozuka katika miji ya pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19 na ambayo mwanahistoria Terence Ranger aliiandikia kitabu mwaka 1975. Wacheza beni walijipanga kwa vyeo vya kijeshi, wakavaa sare, wakateua majemadari na wafalme wao, wakapiga gwaride kwa tarumbeta na ngoma za mfano wa bendi ya Kizungu. Vikundi vyao mashuhuri, Marini na Arinoti, vikashindana mji kwa mji, na Vita Kuu ya Kwanza ilipowatawanya askari na wapagazi katika Tanganyika nzima, beni nayo ikatawanyika pamoja nao. Mtu aliyekuwa mpishi au kuli mchana alikuwa afisa jioni, tena si kwa mavazi tu, bali kwa mwendo, kwa sauti ya amri, kwa namna ya kuinua kidevu. Ikiwa huo si uigizaji, basi neno lenyewe halina kazi.

Hali kadhalika Wamakonde wa kusini, katika mapiko, humvalisha mchezaji kinyago kinachofunika kichwa chote, naye, akiwa hana uso wake mwenyewe, hulazimika kumjenga mzee, mwanamke, mgeni au shetani kwa mabega, kiuno na nyayo peke yake. Hakuna shule ya maigizo iliyobuni zoezi gumu kuliko hilo: kuondolewa uso, kisha kutakiwa kueleweka. Na kwa Wasukuma, vyama vya Bagika na Bagalu vimeshindana kizazi baada ya kizazi, wakati wa kiangazi baada ya mavuno, katika mashindano ambayo hayahukumiwi na kamati bali na umati wenyewe. Kwani vikundi viwili hucheza wakati mmoja katika uwanja mmoja, na yule avutaye watu wengi zaidi upande wake ndiye mshindi. Manju wa Kisukuma, kwa hiyo, hakuweza kuridhika na kucheza vizuri. Ilimpasa kubuni kioja, kuleta nyoka, kuvaa maleba ya ajabu, kutunga mzaha, na kuusoma umati kabla haujamkimbia. Elimu ya kumzuia mtazamaji asiondoke, ambayo leo hugharimiwa fedha nyingi katika studio za runinga, ilisomwa katika mavumbi hayo.

Kamera ya serikali ya kikoloni

Sinema kwa upande wake iliingia kwa mlango mwingine. Baina ya mwaka 1935 na 1937, chini ya Meja L. A. Notcutt, jaribio lililojulikana kwa kifupi BEKE liliweka makao yake Vugiri, katika milima ya Usambara, likatengeneza filamu za mafunzo kwa Waafrika juu ya kodi, afya, kilimo na kuweka akiba, kwa msaada wa fedha za shirika la Carnegie la Marekani. Waigizaji wake walikuwa watu wa kawaida wa mahali pale, na shabaha yake ilikuwa kuelekeza, si kufurahisha. Mtu alitakiwa aonekane akichimba choo au akiweka fedha posta. Ikiwa alijua kucheza, ujuzi huo haukuwa na mahali pa kukaa ndani ya kisa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 zikaja filamu za Kiswahili zilizotengenezwa Tanganyika kwa ushirikiano na kampuni ya Afrika Kusini, nazo zikampa umaarufu kijana mmoja wa idara ya ustawi wa jamii aliyeitwa Rashidi Mfaume Kawawa. Aliigiza katika Muhogo Mchungu na nyinginezo, kabla ya kuongoza harakati za vyama vya wafanyakazi, kuwa Waziri Mkuu mwaka 1962, na baadaye Makamu wa Pili wa Rais. Ni fahari ya pekee kwamba nyota wa kwanza wa sinema zetu aliishia katika uongozi wa juu wa nchi. Lakini katika hoja yetu jambo la kuzingatia ni kwamba kamera ya enzi ile ilimtafuta mwigizaji wake katika ofisi na katika daftari la wasomi. Kiwanja cha ngoma kilibaki nyuma ya kamera, au mbali kabisa nayo, na mcheza ngoma alihitaji njia nyingine ya kuifikia. Njia hiyo ilifunguliwa na Uhuru.

Ngoma yapanda jukwaani

Katika hotuba yake ya Desemba 1962, wakati Tanganyika ilipokuwa jamhuri, Rais Julius Nyerere alisikitika kwamba wasomi wa nchi walikuwa wamefundishwa dansi za wageni ilhali wachache mno miongoni mwao walizijua gombesugu, mangala, kiduo au lelemama. Akatangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Kikundi cha Taifa cha Ngoma kikaundwa katika miaka iliyofuata, na wachezaji wakakusanywa kutoka pande mbalimbali za nchi, wakawa watumishi wa serikali wanaolipwa mshahara kwa kucheza. Vijana wengine walipelekwa China kusomea sarakasi, na waliporejea wakawa msingi wa kikundi cha taifa cha sanaa hiyo. Kikundi cha maigizo kikafuata.

Hapa ndipo ilipopigwa hatua ya kwanza kubwa kuelekea kioo cha sinema, ingawa hakuna aliyeitambua hivyo wakati ule. Ngoma ya kijijini ilikuwa duara. Hapakuwa na mbele wala nyuma, na aliyetazama sasa hivi angeweza kuingia kucheza kitambo kidogo baadaye. Ilipopandishwa jukwaani ikabidi iwe na mbele. Wachezaji wakapangwa safu, nyuso zikaelekezwa kwa waheshimiwa waliokaa vitini, na mchezo uliokuwa ukikesha ukapewa dakika chache baina ya hotuba na hotuba. Sindimba ya Wamakonde ikachezwa na Mhehe, bugobogobo ya Wasukuma ikachezwa na Mzaramo, na mchezaji, ambaye hapo awali alicheza vile alivyokuwa, sasa akacheza vile asivyokuwa. Wahifadhi wa mila waliliona jambo hilo kuwa hasara, na walikuwa na haki. Ila ni wajibu kukiri pia kwamba mtu awezaye leo kuwa mkulima wa Usukuma na kesho msichana wa unyago wa Newala, kwa mwili ule ule, amekwisha kuwa mwigizaji, hata kama tangazo la mlangoni lingali likimwita mcheza ngoma.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 likaongeza kasi. Ngonjera, majibizano ya kishairi yaliyopewa umbo na Mathias Mnyampala, mwana wa Ugogo jirani zetu, zikaenea shuleni kote pamoja na ngoma na vichekesho, hata mtoto wa shule ya msingi akazoea kusimama mbele ya umati na kuwa mtu mwingine kwa robo saa. Vikundi vya taifa vilipovunjwa kufikia mwanzo wa miaka ya 1980, nafasi yao ilichukuliwa na Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichoanza mwaka 1981 na ambacho sasa ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Chuo hicho kilishika kanuni ambayo taathira yake ingali hai: hakuna mwanafunzi aliyeruhusiwa kujifungia katika fani moja. Aliyependa maigizo alicheza ngoma, aliyependa ngoma alipiga sarakasi, na wote waligusa muziki na kazi za jukwaa.

Kumbi za Dar es Salaam

Wakati serikali ikijenga chuo, mashirika ya umma na majeshi yalikuwa yamekwisha anzisha vikundi vyao vya utamaduni. DDC Kibisa, cha Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, kilikuwa miongoni mwa vilivyovuma. Kisha uchumi ukadorora baada ya vita vya Kagera, na vikundi vya binafsi vikashika hatamu. Kikundi cha Muungano, kilichoasisiwa na Norbert Chenga mwanzoni mwa miaka ya 1980, kikafuatwa na kile cha Mandela, na mwaka 1992, mfumo wa vyama vingi ulipoingia, Chama cha Mapinduzi kikaunda Tanzania One Theatre chini ya Kapteni John Komba. Mwanaanthropolojia wa Norwei, Siri Lange, aliyefuatana na vikundi hivi katika miaka ya 1990, ameacha maelezo ya thamani juu ya maonyesho yao.

Onyesho lilianza jioni katika ukumbi wa baa na kuendelea mpaka usiku mwingi, nalo lilikuwa na kila kitu: ngoma za makabila, sarakasi, mchezo wa nyoka, vichekesho, mchezo wa kuigiza, dansi, na taarabu ya mipasho mwishoni. Mtazamaji aliyelipa kiingilio kimoja alitaka kucheka, kulia, kushangaa na kujua mshenga wa mtaani kasemwa vipi. Kwa kuwa kikundi hakikuwa na uwezo wa kuajiri watu mbalimbali kwa kila fani, msanii yule yule aliyetikisa kiuno saa moja alirudi saa tatu akiwa mke aliyetelekezwa, na pengine akaitikia kiitikio cha taarabu saa tano. Mchezo wenyewe haukuandikwa. Kiongozi alieleza kisa, akagawa nafasi, na maneno yakapatikana papo kwa papo jukwaani, kama manju alivyokuwa akiyapata kiwanjani; na ikiwa hadhira ilichoka, kisa kilipindwa hapo hapo. Aliyependeza alitunzwa: mtazamaji aliinuka, akacheza kidogo kuelekea jukwaani, akambandika noti msanii kwenye paji la uso au akaiweka mkononi mwake. Hivyo msanii alijua thamani yake kila usiku, kwa fedha taslimu, na mbele za watu.

Ilikuwa kazi ya jasho, na haikukosa aibu yake. Wazazi wengi hawakutaka binti yao acheze ngoma mahali panapouzwa bia, na jina la uhuni lilimwandama mwanamke wa jukwaani hata kama mshahara wake ndio uliosomesha wadogo zake. Walakini katika kumbi hizo ndimo ilimopatikana desturi iliyoamua mustakabali wa sinema yetu: msanii alianza ujanani kwa ngoma na sarakasi, na magoti yalipoanza kukataa, hakufukuzwa, bali alisogezwa kwenye mchezo, akawa baba, mama mkwe, mganga, mlevi au hakimu. Maigizo yalikuwa makao ya uzeeni ya mcheza ngoma. Kikundi kilipoalikwa kwenye runinga, waliokuwa tayari kuzungumza mbele ya kamera ni hao waliokwisha hamia katika makao hayo.

Runinga na kanda

Zanzibar ilikuwa na runinga ya rangi tangu miaka ya 1970, lakini Bara ilikaa bila runinga hadi mwaka 1994, zilipoanza stesheni za binafsi, ITV ikiwa miongoni mwao. Stesheni hizo zilihitaji vipindi vya Kiswahili, na havikuwapo ghalani. Waliokuwapo ni watu wa vikundi. Maigizo ya mfululizo yakaanza, na kundi la Kaole, lenye jina la magofu ya kale yaliyo karibu na Bagamoyo, likawa darasa la kizazi kizima. Baada ya mwaka 2000 zikaja filamu za video: Girlfriend ya mwaka 2003, iliyoongozwa na George Tyson, ilithibitisha kwamba kisa cha Kiswahili kilichopigwa kwa kamera ndogo kinaweza kuuzwa nchi nzima, na katika muda wa miaka michache kanda na diski zilifika vibanda vya video mikoani kote, Singida ikiwamo.

Sasa tazama yaliyompata mcheza ngoma. Kamera ndogo haikupenda umbali. Filamu nyingi zilipigwa sebuleni, katika nyumba ya kuazima, taa mbili na viti vya sofa, na picha ilikuwa ya kifua na kichwa. Msanii wa ukumbi, aliyezoea kurusha mkono ili aonwe na aliyekaa nyuma kabisa karibu na kaunta, alionekana anapiga kelele za mwili; ikamlazimu ajifunze kuupunguza mkono, kuutuliza ukope, kuuacha uso ufanye kazi ya mguu. Wengine waliweza, wengine wakashindwa. Waliofaulu zaidi walikuwa wachekeshaji, kwa sababu kichekesho huvumilia ukubwa. Na ngoma yenyewe ikabaki katika filamu kwa dharura tu, kwenye harusi, kwenye sherehe ya jikoni, au kwenye kilinge cha mganga.

Hata hivyo urithi haukupotea wote. Ule upataji wa maneno papo kwa papo ulihamia mzimamzima katika runinga, ambako waongozaji wengi walieleza kisa na kuwaachia waigizaji maneno. Kupokezana usemi, kumwacha mwenzako ajaze pigo lake kabla hujaingia na lako, ni adabu ya ngoma kabla ya kuwa adabu ya mazungumzo. Amri Athumani wa Tanga, ambaye umma ulimwita King Majuto, hakuwa mcheza ngoma kwa jina, bali mchekeshaji aliyeanza jukwaani akiwa mtoto, mwaka 1958. Lakini yeyote aliyemtazama kwa makini, kabla ya kifo chake Agosti 2018, aliona kwamba nusu ya mzaha wake ilikuwa katika mapigo: kusita, kugeuka nusu, kurudi, kisha kudondosha neno pale ambapo ngoma ingepigwa. Maisha ya kazi ya miaka 60, tangu jukwaa la mbao hata tangazo la simu katika runinga, ni mfano mkubwa kuliko yote tuliyo nayo wa msanii aliyevuka kila mabadiliko bila kuacha mwili wake nyuma.

Upande wa filamu za wasomi, Amandina Lihamba, profesa wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliigiza katika Arusi ya Mariamu ya mwaka 1985, na tena katika Maangamizi, filamu ya Martin Mhando na Ron Mulvihill iliyotoka mwanzoni mwa karne hii. Katika hiyo ya pili yeye ni Samehe, mgonjwa ambaye amekaa miaka 20 bila kusema. Na kwa hiyo mwigizaji aliyebobea katika maneno alitakiwa kuyaweka kando na kurejea kwenye elimu ya mapiko, ya mwili unaoeleza kile ambacho kinywa kimenyimwa.

Walivyofanya wengine

Jambo hili si la Tanzania peke yake. Stephen Rwangyezi wa Uganda aliasisi kikundi cha Ndere mwaka 1984, akakijenga kituo chake Kampala na kuzileta ngoma za makabila ya nchi yake mbele ya wenyeji na wageni. Na filamu ya mwaka 2006 juu ya Idi Amin, The Last King of Scotland, ilipopigwa Uganda, alionekana ndani yake akiwa waziri wa afya. Hakuna jambo la ajabu katika uteuzi huo: mtu aliyekwisha simama miaka 20 mbele ya umati akisimulia na kucheza hahitaji kufundishwa namna ya kukaa katika baraza la mawaziri la kuigiza.

Katika sinema za Bombay, zilizopendwa mno katika majumba ya Zanzibar, Tanga na Dar es Salaam, jina la Helen linajulikana kwa wazee wetu wengi. Alizaliwa Rangoon mwaka 1938, akakimbilia India akiwa mtoto wakati wa vita, akaanza kucheza katika kundi la nyuma mwanzoni mwa miaka ya 1950. Wimbo mmoja wa Howrah Bridge, mwaka 1958, ukamfanya kuwa mcheza dansi asiye na mfano, na kwa muda mrefu sinema zilimwita kwa wimbo mmoja kisha zikamwondoa kabla kisa hakijaendelea. Ni katika Lahu Ke Do Rang, ya mwaka 1979, alipopata tuzo ya Filmfare kwa kuigiza, na katika miaka ya 1990 alirudi kama mama na nyanya wa familia. Njia yake ni ile ile ya kumbi za Dar es Salaam: ngoma ujanani, uigizaji utu uzima.

Fred Astaire wa Marekani alifanya jambo ambalo wetu hawakupata nafasi ya kulifanya. Alikuwa amecheza jukwaani tangu utoto pamoja na dada yake, na alipoingia Hollywood mwaka 1933 alishikilia kwamba kamera imwonyeshe mchezaji mzima, utosi hata kidole cha mguu, na kwa muda mrefu bila kukatwakatwa. Alikuwa na nguvu ya mkataba ya kulidai hilo. Miaka mingi baadaye, miguu ilipochoka, aliigiza bila kucheza, na filamu ya The Towering Inferno ya mwaka 1974 ikampatia uteuzi wa tuzo ya Oscar. Tofauti baina yake na msanii wa Muungano si kipaji; ni nani mwenye amri juu ya kamera.

Ujira, umri na wajibu

Hapa ndipo suala la ujira linapoingia. Kiwanjani msanii alilipwa kwa pombe, mbuzi na heshima. Kikundi cha taifa kilimpa mshahara. Ukumbini alipata sehemu ya kiingilio pamoja na tunzo. Katika filamu ya video aghalabu alilipwa mara moja, kisha kanda ikaendelea kuuzwa, kunakiliwa na kurushwa bila yeye kupata senti ya pili. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ilikuja na chombo cha kukusanya mirabaha, lakini mcheza ngoma ana shida ya ziada: wimbo una mtungaji na filamu ina mtayarishaji, ila mwondoko ulioundwa na manju fulani, ukachezwa na kikundi fulani, ukaingizwa katika picha na mtu wa tatu, huonekana kana kwamba umeokotwa njiani. Ugonjwa wa King Majuto mwaka 2018 ulizusha mjadala wa nchi nzima juu ya mikataba ya wasanii. Ungefaa uendelezwe mpaka uwafikie wale ambao hawakuwahi hata kutajwa katika orodha ya majina mwishoni mwa filamu.

Kizazi kilichofuata, ambacho Steven Kanumba wa Shinyanga alikuwa bendera yake mpaka kifo chake Aprili 2012, kiliingia katika filamu kupitia runinga, si kupitia ngoma, na waliomfuata huingia kupitia simu. Hawa wana uso ulioelimika kwa kamera kuliko wazee wao, na hilo si dogo; lakini wengi wao hukaa sofani kwa sababu hawajui la kufanya wakisimama. Watazamaji hulalamika kwamba filamu zetu ni maneno matupu, wakadhani kasoro iko katika hadithi. Kwa maoni yangu kasoro moja kubwa iko miguuni.

Yapo basi mambo ya kufanywa, nayo si ghali. Wale waliocheza katika Kikundi cha Taifa katika miaka ya 1960 na 1970, walio hai, wahojiwe na kupigwa picha wakieleza na kuonyesha miondoko, kwa majina ya ngoma na ya waliowafundisha. Maafisa utamaduni wa wilaya, pamoja na wetu wa Singida, waweke daftari la ngoma za mahali pao kabla waongozaji wa filamu hawajazichukua bila jina. Bagamoyo ing'ang'anie kanuni yake ya zamani ya fani nyingi, hata kama wanafunzi wanaomba kozi fupi za uigizaji wa kamera. Na mwongozaji wa filamu, kabla ya kukodi sebule, aende msimu mmoja wa mavuno Ugogo, Usukuma au huku Mwankoko, asimame na kamera yake mbali kiasi cha kuonyesha mtu mzima, autazame umati unavyohama kutoka kikundi kimoja kwenda kingine, na awaulize wanaohama ni kwa nini. Atapata majibu ambayo shule za sinema za ng'ambo huyatoza ada, na atawapata waigizaji wake hapo hapo.